Saketi kwenye Simu, Jiwe kwenye Uzi: Kufundishia Fizikia kwa Uigaji wa Kompyuta

Kiboko ni kituo kidogo kwenye barabara ya Nairobi–Mombasa, kati ya Emali na Makindu, katika kaunti ya Makueni. Jina lake linajulikana mbali kuliko ukubwa wake, kwa sababu hapo pana mashamba ya utafiti ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, ambayo CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, huyatumia kupimia mahindi ya kustahimili ukame. Wakati wa kiangazi, ambapo mvua haiji kuvuruga hesabu, mahindi humwagiliwa maji, kisha yanapokaribia kutoa maua maji hukatwa kwa makusudi. Yanayofunga punje huku jirani zake yakinyauka ndiyo yanayoendelea na safari ya kuwa mbegu. Mwaka 2013 kilifunguliwa hapo pia kituo cha kuzalisha mahindi ya ukoo safi kwa misimu miwili au mitatu, kazi ambayo kwa njia ya zamani huchukua misimu sita au zaidi.

Kompyuta imeshiriki katika kazi ya namna hii Ukambani, eneo ambamo Makueni imo, kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1980, watafiti wa KARI, ambayo leo ni KALRO, walishirikiana huko Katumani karibu na mji wa Machakos na Waaustralia wa shirika la CSIRO, kwa ufadhili wa ACIAR, shirika la Australia linalogharimia utafiti wa kilimo. Walichukua CERES-Maize, programu iliyotungwa Marekani kuiga ukuaji wa mahindi siku baada ya siku, wakaijaribu kwa mahindi ya huku kwetu. Pale ilipotofautiana na yaliyopimwa shambani, waliirekebisha programu, na toleo lao wakaliita CM-KEN. Kisha wakaiendesha kwa rekodi za mvua za miaka mingi, wakiiuliza maswali ambayo mkulima hawezi kuyajibu kwa msimu mmoja: akisongamanisha miche itakuwaje? Akitia mbolea kidogo ya naitrojeni? Akichelewa kupanda? Kazi hiyo ni mojawapo ya mizizi ya APSIM, programu iliyoanza kuundwa mwaka 1991 huko Toowoomba, Australia, ambayo sasa hutumiwa na watafiti wa kilimo katika nchi nyingi.

Nimeanza na mahindi kwa sababu utaratibu wa watafiti hao ndio ninaotaka uingie darasani. Walikisia, wakaendesha programu, wakapima kitu chenyewe, halafu wakairudia programu na kuihoji. Makala haya ni ya walimu wa fizikia na wa Sayansi Jumuishi, na ya mzazi mwenye simu janja na mtoto anayeuliza maswali. Msimamo wangu ni huu: uigaji wa kompyuta ni chombo kizuri mno cha kufundishia sayansi pale maabara ilipo duni, ilimradi mwanafunzi abashiri kabla ya kuugusa na apime kitu halisi baada ya kuutumia. Shule inayouweka mahali pa maabara inawadhulumu watoto.

Kinachoendelea ndani ya programu

Mwanafunzi akiona mpira ukianguka kwenye kioo cha simu anaweza kudhani ni katuni. Katuni huchorwa jinsi mchoraji atakavyo. Mpira wa uigaji huenda unakopelekwa na hesabu, na hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza kwa kalamu.

Mfanyie hivi ubaoni. Jiwe linaachiliwa kutoka juu. Mchapuko wake ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Gawa muda katika vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika kila kipande kasi inaongezeka kwa 0.98, na umbali unaongezeka kwa kasi mpya mara 0.1. Mwisho wa kipande cha kwanza kasi ni 0.98 na jiwe limeshuka mita 0.098. Cha pili: kasi 1.96, umbali 0.294. Cha tatu: 2.94, na 0.588. Waache wanafunzi waendelee wenyewe hadi kipande cha kumi, yaani sekunde moja kamili. Watapata mita 5.39.

Sasa watumie kanuni waliyoikariri, nusu ya mchapuko mara muda kwa kipeo cha pili. Wanapata mita 4.9. Tofauti inakaribia nusu mita, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Usiwape jibu. Waulize kosa limetoka wapi, na mara nyingi kutakuwa na mmoja darasani atakayegundua kwamba tumelichukulia jiwe kana kwamba lilikuwa na kasi ya mwisho wa kipande tangu mwanzo wa kipande. Dawa ni kukata vipande vidogo zaidi. Kwa vipande vya sehemu moja ya mia ya sekunde jibu linakuwa mita 4.95. Hapo mkono unachoka, na hapo ndipo kompyuta inapopata kazi: fungua lahajedwali ya LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, andika safu ya muda, ya kasi na ya umbali, nakili kanuni chini hadi mstari wa mia.

Kipindi kimoja cha namna hii kina thamani kubwa kuliko wiki ya kuangalia picha zinazosogea. Mwanafunzi anaondoka akijua kwamba kila uigaji ni makadirio, kwamba ukubwa wa kosa unategemea jinsi ulivyoundwa, na kwamba aliyeuunda alichagua cha kuhesabu na cha kuacha. Katika hesabu yetu ya jiwe tuliacha ukinzani wa hewa. Mwanafunzi aliyeelewa hilo hatadanganyika kirahisi na mchoro wowote wa kompyuta, uwe wa fizikia, wa hali ya hewa au wa uchumi.

Mahali pa kuzipata, na jinsi ya kuzitumia bila bando

Mkusanyiko ninaoupendekeza kwanza ni PhET, wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, Marekani. Uliasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001 na akatia sehemu ya fedha za tuzo hiyo katika mradi huu. Una programu za fizikia, kemia, biolojia, hisabati na sayansi ya dunia. Ni za bure, na nyingi zimetafsiriwa kwa Kiswahili na watu waliojitolea. Anwani ni phet.colorado.edu.

Jambo la manufaa zaidi kwa shule zetu ni kwamba kila programu ya sasa ni faili moja ambayo unaweza kuipakua. Ukishaipakua mara moja, inafunguka kwenye Chrome au Firefox bila intaneti kabisa. Mwalimu anaweza kupakua faili kumi akiwa Makindu au Wote penye mtandao mzuri, akaziweka kwenye flashi diski, na kuzigawa kwa Bluetooth au memori kadi. Usilipie. Ipo programu ya simu ya PhET inayouzwa kwa bei ndogo, lakini faili za bure zinafanya kazi ileile. Baadhi ya programu za zamani zilijengwa kwa Flash, teknolojia iliyokoma mwishoni mwa 2020. Ukikutana na ya namna hiyo iache, utafute toleo jipya.

Shule yenye kompyuta kadhaa inaweza kusakinisha Kolibri, jukwaa la bure la shirika la Learning Equality. Linawekwa kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vinaungana nayo kwa ruta ya kawaida bila intaneti. PhET imo humo pamoja na masomo mengine mengi. Tableti ambazo shule za msingi zilipokea katika mradi wa serikali ulioanza 2016 nazo zijaribuni kabla ya kuziacha zikae kabatini. Faili nyepesi huenda zikafunguka.

Kuhusu umeme sina mengi: chaji vifaa usiku wa kuamkia kipindi, punguza mwanga wa kioo, na usifundishie chini ya jua la Kiboko la saa saba mchana, kwa maana simu hupata joto ikajizima na kioo hakisomeki.

Kipindi kimoja cha saketi

Nitaeleza kipindi kimoja kwa kirefu, kwa kuwa mada ya umeme ndiyo ambayo uigaji unasaidia kuliko nyingine zote, na ndiyo ambayo wanafunzi huingia nayo wakiwa na fikra potofu iliyokita mizizi.

Fikra yenyewe ni kwamba balbu hula mkondo wa umeme. Mkondo unatoka kwenye betri ukiwa mwingi, unapita kwenye balbu, na kinachorudi ni kidogo. Ni fikra inayoeleweka, kwa sababu betri huisha na lazima kitu kimeliwa. Kilichotumika ni nishati. Mkondo hurudi wote. Unaweza kuyasema hayo ubaoni mara mia, na kwenye mtihani nusu ya darasa watarudia la kwao.

Anza na dakika tano za kubashiri. Chora betri moja, balbu moja na waya mbili. Weka alama P kabla ya balbu na Q baada yake. Kila mwanafunzi aandike katika daftari, kwa kalamu ya wino: mkondo ni mkubwa P, ni mkubwa Q, au ni sawa? Aandike na sababu. Kuinua mikono hakufai, maana wote humwangalia yule hodari wa darasa kwanza.

Kisha wape simu, wanafunzi watano kwa kila moja, na programu ya kuunda saketi za mkondo mnyoofu. Dakika tano za kwanza waache wachezee bila maagizo. Watavuta betri, watapachika waya, mmoja ataunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja na betri itawaka moto kwenye kioo. Mwache. Hajapoteza kitu, na hatasahau. Papo hapo uwaambie kwamba betri ya gari au ya sola ikifanyiwa hivyo huchoma mikono kwelikweli.

Sheria yangu ya kundi ni moja: anayeshika simu hafanyi lolote ila analoambiwa na wenzake. Bila sheria hiyo mtoto mwenye simu nyumbani anacheza na wanne wanatazama. Badilisha mshikaji kila baada ya dakika chache.

Sasa swali. Waunde saketi waliyoibashiri na kuweka ammita mbili, moja P na nyingine Q. Programu huanza na betri ya volti 9 na balbu yenye ukinzani wa omu 10, kwa hiyo ammita zote mbili zitaonyesha ampea 0.90. Kutakuwa na kimya, halafu ubishi. Wengine watasema kifaa kimeharibika. Waambie waongeze balbu ya pili katika mfululizo, ila waandike ubashiri kwanza. Ammita zinaonyesha 0.45, na ni hivyo kila mahali katika saketi. Wahamishe balbu ya pili iwe sambamba: kila balbu inapata 0.90, na betri inatoa 1.80. Nukta za buluu zinazotembea ndani ya waya ni elektroni, zinatoka upande hasi kwenda chanya; ukitaka mishale ya mkondo kama inavyochorwa vitabuni, kuna kitufe cha kubadilisha. Litaje hilo mapema, la sivyo litawachanganya.

Robo saa ya mwisho ni ya vitu halisi. Betri mbili za tochi, balbu ndogo za tochi za kizamani, vipande vya waya uliochunwa ncha, na kama shule inayo, ammita moja inayozunguka darasa zima. Balbu za waya mwembamba zinaanza kuadimika madukani kwa sababu tochi nyingi sasa ni za LED. LED unaweza kuitumia, ila inapitisha mkondo upande mmoja tu na haifuati kanuni ya Ohm, kwa hiyo usiilinganishe na balbu ya programu. Na isiwepo hata nafasi ndogo ya mwanafunzi kusogelea soketi ya ukutani.

Hapa ndipo kipindi kinapoiva. Ongeza balbu halisi ya tatu kwa sambamba, na zote zitafifia kidogo. Kwenye simu hazikufifia. Nani mkweli? Betri ya programu, isiporekebishwa, haina ukinzani wa ndani. Betri ya dukani inao. Tuseme betri ya volti 1.5 ina ukinzani wa ndani wa omu 0.5, na saketi inavuta ampea 0.5: volti 0.25 inapotea ndani ya betri yenyewe, na nje inabaki 1.25. Warudishe kwenye programu, kwenye ukurasa wa maabara, wafungue sehemu ya mipangilio ya ziada waongeze ukinzani wa betri. Sasa balbu za simu nazo zinafifia. Wanafunzi wameirekebisha programu kwa kuangalia kitu halisi, jambo lilelile lililofanywa na watafiti wa Katumani kwa CERES-Maize. Balbu nayo ina lake: ile ya kawaida ya programu ina ukinzani usiobadilika, wakati waya wa balbu halisi ukipata moto ukinzani wake hupanda.

Kama dakika 40 hazitoshi, na mara nyingi hazitoshi, chukua vipindi viwili vinavyofuatana. Usikate sehemu ya betri halisi ili kuokoa muda.

Mwaka 2005 Noah Finkelstein na wenzake wa Colorado walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi wa chuo waliojifunza saketi kwa uigaji huu na waliotumia vifaa halisi. Waliotumia uigaji walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa. La kushangaza, walipopewa waya na balbu halisi waliunda na kueleza saketi vizuri zaidi pia. Wapo wanaoutumia utafiti huo kusema vifaa havihitajiki tena. Mimi nausoma kinyume: wanafunzi wale walipimwa kwa vifaa halisi, na hapo ndipo thamani ya uigaji ilipoonekana.

Jiwe na uzi

Pendulamu ni mada ya kuanzia kwa mwalimu ambaye hajawahi kujaribu, kwa kuwa kila kitu kinapatikana kijijini. Funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, lining'inize kwenye msumari, lisukume kidogo. Pima kwa saa ya simu muda wa mizunguko 20 ya kwenda na kurudi, gawa kwa 20. Utapata karibu sekunde 2.0. Fupisha uzi hadi sentimita 25, upate karibu sekunde 1.0. Wanafunzi wengi hubashiri kwamba uzi wa robo utatoa muda wa robo. Hutoa nusu, na hiyo ndiyo mada yenyewe.

Kwa pendulamu utaratibu ugeuzwe: pimeni kwanza, ndipo mfungue programu. Ikishakubaliana na jiwe lenu, mnaweza kuiamini inapowapeleka mahali ambapo jiwe lenu haliwezi kufika. Hamisheni pendulamu ya mita moja hadi mwezini na muda unakuwa karibu sekunde 4.9. Badilisheni uzito wa jiwe na hakuna kinachobadilika, jambo ambalo watoto hawaliamini mpaka warudi kwenye msumari wajaribu kwa jiwe kubwa.

Kuna mada ambazo hazina jiwe la kurudia. Chembe za gesi zikigonga kuta za chombo, mawimbi ya mwanga, kiini cha atomi: hapo uigaji ni dirisha pekee ambalo shule nyingi za nchi hii zitapata, nami naona ni halali kuutegemea. Hata hapo tafuta kitu kimoja cha kushika. Kwa gesi, bomba la baiskeli lililozibwa kwa kidole linatosha kuonyesha kanieneo ikipanda.

Bila kompyuta kabisa

Shule isiyo na kifaa chochote inaweza kuiga uozo wa nyuklia kwa mahindi. Hesabu punje 100. Punje ya mahindi ina upande mmoja unaoonyesha kiini na mwingine usioonyesha. Zitikise kwenye bakuli, zimwage mezani, ondoa zote zilizolala kiini juu, andika zilizobaki. Rudia hadi ziishe. Chora grafu ya zilizobaki dhidi ya idadi ya kumwaga. Mstari uliopinda unaopatikana ni uleule wa nusu-maisha uliomo kitabuni.

Punje si sarafu, huenda zisilale nusu kwa nusu. Hilo lisikusumbue, ni zawadi. Waambie wanafunzi watafute kutoka kwenye grafu yao ni sehemu gani inayoondoka kila mara, kisha wabashiri itakuwaje kwa punje 200. Makundi mawili yakipata majibu tofauti, unganisha hesabu zao uone mstari huo unavyolainika. Mwishowe wataona kwamba hakuna anayeweza kusema punje ipi itaondoka, lakini idadi itakayoondoka inatabirika.

Maji ya udongoni

Mada hii ninaitaka zaidi ya zote kwa shule za Makueni na Kitui, na inafaa sekondari msingi na sekondari pevu.

Kinga mvua kwenye kopo lenye kuta zilizonyooka, lisimamishwe mahali pa wazi, upime kina cha maji kwa rula kila asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Kwenye lahajedwali, au kwenye daftari lenye mistari, andika safu nne: siku, mvua, maji yaliyotumiwa na mmea, maji yaliyobaki udongoni. Kila siku: yaliyobaki jana, jumlisha mvua, toa matumizi. Yakizidi uwezo wa udongo, ziada imepotea. Yakifika sifuri, mmea una kiu.

Anza kwa kudhania udongo unaoshika milimita 80 na mahindi yanayotumia milimita 4 kwa siku. Bila mvua maji yanaisha siku ya 20. Halafu anza kuhoji. Mche mdogo hautumii maji sawa na mhindi unaotoa maua, kwa hiyo weka 2 kwa wiki za mwanzo na 5 kwa wiki za maua. Hizo nazo ni dhana, zipimwe: panda mhindi kwenye kopo lililojaa udongo, funika udongo kwa karatasi ya nailoni, uupime uzito kila asubuhi kwa mizani. Gramu zinazopungua ni maji yaliyopitia kwenye majani.

Kwa muda wa msimu wa Oktoba hadi Desemba, ambao Ukambani ndio unaotegemewa kuliko ule wa Machi hadi Mei, darasa litakuwa na uigaji wake lenyewe, uliojengwa kwa mvua ya uwanja wake. Wataweza kuuliza: tungepanda wiki mbili mapema? Mvua ileile ingekuja kwa siku nne badala ya kumi na mbili? Shule zilizo karibu na Kiboko ziandike barua kwa uongozi wa kituo cha KALRO mapema, zikitaja mada na idadi ya wanafunzi, kuomba ziara. Wanafunzi waende na jedwali lao mkononi.

Mtihani na mtaala

Mzazi atauliza kama haya yana alama. KCSE ya fizikia ina karatasi ya tatu, 232/3, ya vitendo, yenye alama 40 na muda wa saa mbili na nusu. Hapo mtahiniwa anaunganisha waya, anasoma mizani na kuchora grafu kwa mkono. Hakuna simu itakayomsaidia. Aliyezoea programu pekee atajua majibu yanavyopaswa kuwa na hatajua kushika voltimita wala kuikadiria sindano inaposimama kati ya mistari miwili. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya mtihani huo mwaka 2027. Nyuma yao wamo wanafunzi wa mtaala wa umilisi, ambao Gredi ya 10 yao ya kwanza ilianza Januari 2026, na wanaochagua mwelekeo wa STEM watatakiwa kuonyesha wanachoweza kufanya tangu mwanzo.

Walimu wa Makueni wanaujua moyo wa jambo hili. Makueni, wakati huo ikiwa wilaya, ilikuwa miongoni mwa wilaya tisa za kwanza za SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ulioanza 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na shirika la JICA la Japani, na uliosisitiza majaribio na kuunda vifaa kwa vitu vilivyopo. CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza mafunzo hayo. Uigaji uongezwe juu ya msingi huo.

Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, mwalimu apate kibali cha mkuu wa shule kwa maandishi, simu ziwe za walimu au za idara, zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi. Na kwa wakuu wa shule na bodi zao nina ombi la bajeti: kabla ya projekta, nunueni betri, balbu, uzi, rula, mizani ndogo na ammita chache. Projekta moja humfanya mwalimu aonyeshe na darasa litazame. Vitu hivyo vidogo, pamoja na simu tano na faili za bure, huwafanya wanafunzi wafanye kazi. Mwalimu, pakua faili ya saketi wiki hii, uijaribu mwenyewe jioni moja ukiwa na betri halisi kando, kisha uipeleke katika kipindi chako kijacho.